Swali la Sita

Hasira zangu ziko puani, na kila aliyewahi kukaa darasani kwangu analijua hilo. Nawaambia mapema ili nitakapofika kwenye kosa langu msije mkasema nilijificha. Jina langu ni Aikande, kwetu ni Machame. Karatu nilikuja na mume wangu mwaka tisini na tatu. Yeye akauza vipuri, mimi nikafundisha watu wazima Kiingereza. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na minne, nikadhani mtu mzima ni mtoto mwenye ndevu, ukimbana atajua tu.

Darasa letu lilikuwa ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja. Watu ishirini na watatu, na hakuna wawili waliolingana. Kuna aliyemaliza kidato cha nne, na kuna mama aliyeishika kalamu kama anashika mwiko. Wote walikitaka Kiingereza, maana watalii walikuwa wanapita kila siku kwenda kreta, na aliyejua kusema nao alikula, asiyejua aliishia kuwapungia mkono. Ukienda taratibu, wanaojua wanapiga miayo. Ukienda haraka, wasiojua wanaacha kuja, wala hawakuambii kwa nini.

Kwa hiyo niligawa mabenchi matatu. Benchi la mlangoni lilikuwa la wanaoanza: salamu, majina ya vitu, kujitambulisha. Benchi la kati lilikuwa la mazungumzo. Pale ndipo mtu alijifunza kusimulia jambo lililompata na kumjibu mwenzake. Benchi la dirishani walisoma na kuandika barua za kazi. Na ili utoke mlangoni uende kati, ilikupasa usimame mbele ya wote ujibu maswali yangu kumi bila kusita. Jina lako nani, unatoka wapi, unakaa wapi sasa, unafanya kazi gani, umeoa au umeolewa, mkeo au mumeo anaitwa nani, na kuendelea. Ukikwama hata moja, unarudi kukaa. Niliona ni haki kabisa, kwa sababu haikujali mkubwa wala mdogo. Juu ya ubao nilikuwa nimeandika kwa chaki ya rangi: Kuuliza si ujinga.

Mzee Lembris alikuja Februari mwaka 2002. Alikuwa Mmasai wa Endulen, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mlinzi kwenye kambi moja ya mahema pale mjini. Siku ya kwanza huwa namwuliza kila mwanafunzi amefuata nini. Wengi husema kazi. Tluway, kijana wa Kiiraqw aliyelima maharage upande wa Rhotia na ambaye mdomo wake haulali, alisema amefuata mke wa Kizungu, watu wakacheka. Mzee Lembris alipofikiwa, alitoa mfuko wa nailoni ndani ya lubega lake, na ndani ya mfuko akatoa bahasha.

"Nimeulizwa swali na binti yangu," alisema. "Nataka nilijibu mwenyewe."

Habari yenyewe aliieleza kwa kifupi, amesimama, na hakuna aliyecheka tena. Binti yake Nareyu aliangukia motoni akiwa na miaka minne, mwaka themanini na tisa. Alipona, lakini mguu ukakunjamana, akawa anatambaa. Wakapita Wazungu wawili, mume na mke, wakasema kwao kuna madaktari wa kuunyoosha. Ikaletwa karatasi ya Kiingereza. Mtu mmoja aliyejua lugha akawatafsiria: mtoto anakwenda mwaka mmoja, anarudi akitembea. Lembris akatia kidole gumba, na mkewe akatia. Mwaka ukapita, na mwingine, na mtoto hakurudi. Mkalimani naye alishakufa, na maiti haihojiwi.

Miaka ikafika kumi na miwili, ndipo barua ikaja. Katekista wa Endulen aliisoma. Nareyu yu mzima, anatembea, hajui Kimaa wala Kiswahili, na swali lake lilikuwa moja: kwa nini mlinitoa? Katekista akajibu kwa niaba ya mzee maneno machache tu, kwamba baba yupo, mama ameshafariki, njoo. Binti akaandika tena kwamba atakuja Agosti.

"Sasa si katekista akutafsirie siku hiyo?" nilimwuliza.

"Mwalimu, mara ya kwanza nilisemewa," alisema. "Nimeona kusemewa kulivyo. Hii nitasema kwa mdomo wangu."

Nilimpenda hapo hapo. Nilijiambia, Aikande, huyu mtu usimlegezee, maana Agosti haiko mbali. Nikamkalisha benchi la mlangoni kama wote.

Na alisoma, jamani. Alikuwa anatoka lindoni asubuhi, analala kidogo, saa nane na nusu yuko mlangoni ameketi fimbo ikiwa magotini. Kusoma na kuandika hakujua, lakini neno akilisikia mara tatu limekaa. Ilipofika Pasaka, nilimsimamisha kwenye maswali kumi. La kwanza alijibu, la pili, la tatu, la nne. La tano, umeoa? Akajibu ndiyo, nimeoa. La sita, mke wako anaitwa nani?

Akanyamaza. Nilidhani hakusikia, nikarudia polepole. Akawa anatazama miguu yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mzee, ni swali jepesi, jina la mke wako." Akasema kwa Kiingereza kizuri kabisa, "Mama wa Nareyu."

"Hilo si jina," nikamwambia. "Nataka jina. Keti."

Nilijua kwamba mkewe amefariki. Alikuwa amelisema mwenyewe siku ya kwanza. Lakini nilikuwa na wajane wawili darasani, Blandina wa Mbulumbulu na mwingine, na wote walitaja majina ya marehemu waume zao bila shida. Kwetu Machame marehemu anatajwa, watoto wanapewa jina lake, kaburi lake liko pale mgombani mnapita nalo kila siku. Sikuona kwa nini mtu ashindwe.

Ikawa kila Ijumaa namsimamisha, na kila Ijumaa anafika swali la sita anazimika. Waliokuja nyuma yake wakavuka. Tluway alivuka Aprili. Mama wa kalamu ya mwiko naye akavuka Mei, tukampigia makofi. Mzee Lembris akabaki na wageni, anarudia hii ni meza, kile ni kiti, wakati benchi la kati, hatua mbili kutoka kwake, wanajifunza kusimulia ya jana na ya mwaka juzi. Alikuwa anageuza shingo kuwasikiliza. Nilimkemea kwa hilo pia. Nilimwambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mzee. Maliza yako kwanza."

Siku moja Tluway alimwonea huruma. Akamwambia, "Mzee, taja jina lolote tu. Sema Maria, upite."

"Nina mke anayeitwa Maria?" aliuliza Mzee Lembris.

"Huna, lakini Mwalimu hamjui."

"Na mimi simjui," alisema.

Darasa lilicheka, naye akatabasamu kidogo. Mimi sikucheka. Ilikuwa katikati ya Juni, nahesabu wiki kichwani, naona mtu anapoteza muda wake kwa ubishi, na nilikuwa nimeamka vibaya. Nikasema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, ili kila mmoja aelewe: "Au umemsahau, Mzee Lembris? Mke umemzika na jina lake ukalizika?"

Kakenya, mama wa Kimasai kutoka Arash aliyeuza shanga sokoni na aliyekaa benchi la kati, aliinamisha kichwa kabisa. Mzee Lembris aliniangalia, na katika macho yale sikuona hasira. Aliweka fimbo yake begani, akasema, "Asante, Mwalimu," akatoka. Jumatatu hakuja. Jumatano hakuja. Wiki mbili zikapita.

Mimi nilikasirika, ndiyo tabia yangu, nikikosea nakasirika kwanza. Nilisema nyumbani kwamba watu wazima hawataki kufundishwa, wanataka kubembelezwa. Mume wangu akasema, "Umemwuliza kwa nini hajibu?" Nikamwambia namwuliza kila Ijumaa, mbele ya mashahidi ishirini na wawili. Akasema, "Unamwuliza swali lako. Hujamwuliza kwa nini." Nikaondoka mezani.

Kakenya ndiye aliyenifuata. Alibaki baada ya kipindi, mkoba wake wa shanga mapajani, mpaka wote wametoka.

"Mwalimu, naomba niseme, na usinikasirikie," alianza.

"Sema tu, mama."

"Yule mzee hawezi kulitaja lile jina. Kwetu mtu akifa, watu wake hawamtaji tena. Hata kama kuna mwingine ana jina hilo hilo pale bomani, anabadilishiwa. Siku hizi wa kanisani wengine wanataja, lakini yeye hawezi. Kumtaja ni kumwita, na aliyelala haitwi. Wewe umemwambia amwite mke wake mbele ya watu, kila Ijumaa, tangu Pasaka."

Nilikaa. "Na kusema jina la uongo je?" niliuliza, kama mjinga.

"Hiyo ni kumkana. Angemkana mama wa mtoto wake ili apite benchi?"

"Kakenya, mbona hukuniambia? Miezi yote hii! Mbona hakuna aliyeniambia?"

Alitazama ubaoni, pale juu penye chaki ya rangi. Hakuwa na nia mbaya, ni mimi niliyeyafuata macho yake.

"Hukuuliza, Mwalimu," alisema.

Nililia siku ile, na siyo kidogo. Siyo kwa sababu ya mila tu. Nililia kwa sababu nilijua tangu mwanzo kile alichokifuata. Nilijua ana swali moja la kujibu na siku zake za kulijifunzia zinahesabika, nami nikamfungia njia kwa miezi mitatu, nikajiona mwalimu hodari. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na mjukuu huyu alikuwa amekuja amenuna.

Kwetu mtu akikosa, haendi kuomba radhi mikono mitupu. Anachuma jani la isale. Ukimpelekea mtu isale, hata kama umemchomea nyumba, hawezi kulikataa. Nilikuwa nimepanda masale kwenye ua wangu Karatu, kama Mchaga yeyote anayejiheshimu. Asubuhi yake nikachuma moja, nikafunga khanga, nikaenda kule kambini saa moja, wakati anamaliza zamu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahema. Nilimkuta anakunywa chai karibu na moto wa wapishi.

Nikamsalimu, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Akalitazama.

"Hili ni dawa?" aliuliza.

Nikamweleza. Nikamweleza na kosa langu lote, sikuacha kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalipokea jani, akaliweka juu ya lubega lake, akainama, akang'oa majani mabichi machache pembeni ya jiko, akanipa mkononi.

"Sisi ni haya," alisema. "Majani. Anayeshika majani hapigwi." Halafu akasema, "Mwalimu, zimebaki wiki ngapi?"

"Sita."

"Basi keti. Kuna chai."

Kuanzia siku ile hatukuhitaji benchi. Kila asubuhi zamu yake ikiisha alikuja nyumbani kwangu, tukakaa barazani, mume wangu akienda dukani anatupita kwa salamu. Sikumfundisha meza wala kiti. Nilimwambia aniambie kwa Kiswahili kile anachotaka kumwambia binti yake, mimi nimpe Kiingereza chake. Akasema kinatosha kimoja: Sikukutoa.

Tulilifanyia kazi hilo siku tatu, na jibu la kila swali linaloweza kufuata. Siku ya nne alikuja na karatasi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imetoboka. Ilikuwa ile ile karatasi.

"Sijamwonyesha mtu tangu yule mkalimani," alisema. "Nilisema nitaisoma mimi. Naona sitawahi. Nisomee."

Niliisoma kwanza kimya. Chini kabisa kulikuwa na alama mbili za vidole gumba, wino wa zambarau, moja kubwa na moja ndogo. Mbele ya kila alama, mtu aliandika jina kwa herufi kubwa. Basi nikaliona. Jina ambalo nilikuwa nimelidai miezi mitatu lilikuwa pale mbele yangu, limeandikwa vizuri, silabi zake nne.

Nikamsomea mzee kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Karatasi ilisema mtoto anakabidhiwa kwa walezi wake wapya moja kwa moja, na wazazi hawatamdai. Nilisoma mpaka jina la Lembris na kidole chake. Kisha nikaikunja.

"Umeruka mstari," alisema.

"Nimeruka, mzee."

Alitingisha kichwa taratibu. "Asante." Kisha akauliza, "Mwaka mmoja umeandikwa wapi?"

"Haumo."

"Tafuta tena."

Nikaifungua, nikatafuta tena, ili asiseme sikutafuta. "Haumo, Mzee Lembris. Haumo popote."

Kuku walikuwa wanapekua pale miguuni mwetu. Mwishowe akasema, "Basi nilimtoa."

"Hapana. Ulidanganywa. Au yule mkalimani alidanganywa. Mimi sijui nani alimdanganya nani, lakini si wewe."

"Kidole ni cha nani?"

Nikaitazama ile alama kubwa ya zambarau.

"Kidole ni changu," alisema. "Siwezi kumwambia mwanangu sikukutoa, halafu karatasi iseme nilimtoa. Atakuwa amekuja mbali kusikia uongo. Futa lile jibu, Mwalimu. Tuanze upya."

Tukaanza upya, na zilikuwa zimebaki wiki tano. Maneno mapya yalikuwa mengi na mazito kuliko yale ya kwanza. Kila siku nilimwambia tufupishe, kila siku alikataa. Alikuwa anatembea barabarani anayarudia kwa sauti, na wachuuzi wa pale stendi walidhani mzee amechanganyikiwa. Tluway alijitolea kutembea naye jioni, amsahihishe. Kwa kijana yule kumkosoa mzee hadharani ilikuwa kazi ngumu, akawa anasema, "Mzee, mimi ningesema hivi, lakini wewe ndiye mkubwa."

Siku mbili kabla, Mzee Lembris aliniambia, "Utakuwepo. Lakini mdomo wako uufunge. Nikianguka, niache niinuke mwenyewe."

Nikamwahidi, na mnajua kwangu ahadi hiyo ilikuwa kubwa.

Nareyu alikuja Jumatano ya katikati ya Agosti, alasiri, kwenye ukumbi wetu, maana mzee alichagua pale. Darasa nililipa likizo. Yule mama wa Kizungu aliyemlea alibaki kwenye gari nje. Alisema ni siku ya mtoto. Binti akaingia peke yake, miaka kumi na saba, mrefu kama baba yake, anachechemea kidogo sana, usingejua kama hujaambiwa.

Mwanzo wenyewe uliharibika. Mzee alikuwa amejifunza kwangu kwamba Wazungu husalimiana kwa mkono, akanyoosha mkono. Binti alikuwa amesoma mahali kwamba mtoto wa Kimasai humwinamishia baba kichwa aguswe, akainama. Mkono wa mzee ukabaki hewani, na kichwa cha mtoto kikabaki kimeinama. Nilijiuma ulimi. Kisha mzee akaugeuza ule mkono, akauweka juu ya utosi wa binti, akauacha pale.

Waliketi benchi la kati. Binti akaanza kusema, haraka haraka, na mzee akainua kiganja. "Polepole, tafadhali," alisema kwa Kiingereza. "Uliniuliza kwa barua. Sasa mimi najibu."

Akasimama, kama anavyosimama mtu wa maswali kumi. Akasema yote kwa Kiingereza, neno moja moja, akitua baada ya kila moja.

"Mguu wako uliungua. Nilitaka utembee. Waliniletea karatasi. Sikuweza kuisoma. Niliambiwa mwaka mmoja. Nikatia kidole. Kidole ni changu, si cha mtu mwingine. Mwaka ulipoisha nilikwenda getini, pale magari ya watalii yanapoingia. Nilikaa siku tatu. Mwaka wa pili nilikwenda. Kila mwaka, mwezi ule, nilikwenda, siku tatu. Mama yako alikuja pamoja nami miaka saba. Halafu akafa. Mimi nikaendelea."

Hapo alikwama. Niliona midomo yake inatafuta, nilijua neno linalofuata, lilikuwa linaniwasha kooni. Nikafunga mdomo. Akalipata.

"Ulikosewa," alisema. "Mimi nilikukosea. Lakini sikuchoka kukungoja."

Binti alikuwa analia bila sauti. Akauliza, "Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na mwaka jana?"

"Na mwaka jana. Na mwaka huu, hata barua ilipokuwa imeshakuja. Nilisema labda atafika mapema."

Akamshika baba yake mkono, akaushika kwa mikono miwili, wakakaa hivyo. Nilitaka kutoka niwaache, nikashindwa namna ya kupita. Baada ya muda, binti alijipangusa uso, akasema kule alikokulia makaratasi yake yana jina la baba tu. Kisha akauliza, polepole sasa, kama alivyoombwa, maneno mepesi ya benchi la mlangoni:

"Mama yangu aliitwa nani?"

Mzee Lembris akamtazama usoni, kwa upole, akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona sura ya binti inabadilika. Niliijua sura ile, ndiyo niliyokuwa nayo mimi kuanzia Pasaka hadi Juni. Alikuwa anafikiri baba amesahau, au mama hakuwa kitu.

Mzee akaitwaa fimbo yake, akainuka. Akanigeukia.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili. "Swali la sita."

Akasema tena, taratibu, "Wewe si wa boma letu. Mdomo wako haukukatazwa. Na umesoma ule mstari. Ngoja nifike mbali."

Akatoka nje. Nikamsikia akivuka uwanja. Binti aliniangalia kwa woga, nikamwambia anivumilie kidogo, nikamweleza kwa nini baba yake hawezi. Nilimweleza kama Kakenya alivyonieleza mimi, nikamwambia na jinsi mimi, mwalimu mzima, nilivyomtesa kwa swali hilo hilo. Nikaitoa ile karatasi kwenye kopo ambalo mzee aliliacha benchini, nikamwonyesha kidole kidogo cha wino wa zambarau. Kisha nikachungulia dirishani. Mzee alikuwa amesimama kule mwisho wa ukuta wa kanisa, ametupa mgongo, lubega amelivuta juu mpaka limefunika masikio yote mawili.

Nikamtajia binti jina la mama yake. Nilitaja mara moja, kwa sauti ya chini. Naye akalirudia kama mwanafunzi, akakosea silabi ya tatu, nikamsahihisha, akalirudia mpaka likakaa. Alitaka kuliita kwa nguvu, nikamwekea kidole mdomoni.

Ilipita robo saa ndipo akatoka kumfuata baba yake, na alipofika hakusema kitu, alimgusa tu bega ili ajue tumemaliza. Wakarudi pamoja uwanjani, mmoja anachechemea na mwingine amempunguzia mwendo.

Muhula uliofuata niliondoa mtihani wa maswali kumi. Mabenchi nikayaacha, lakini mtu anahama akiona amekuwa tayari, na kabla sijamwuliza chochote cha nyumbani kwake, namwuliza kama ni ruhusa kukiuliza. Tluway alisema nimezeeka.

Jina lenyewe silitaji hapa. Mzee Lembris bado yu hai kule Endulen, na yatakapomfikia haya lazima kuna mtu atamsomea kwa sauti.